Hija ya Mmarekani Iliyomaliziwa Bariadi

Habari ya kifo chake niliipata dukani, nilipokwenda kununua wino. Mwenye duka, Mhindi mmoja wa pale Bariadi anayejua habari za kila mtu aliyewahi kununua misumari kwake, aliniambia bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akikata: "Yule Mmarekani wako wa malambo amefariki. Moyo. Huko huko kwao." Nikasimama na chupa ya wino mkononi, nisijue la kufanya. Nimpe pole mwenye duka? Si ndugu wa marehemu. Nisubiri nipewe pole mimi? Nami si ndugu yake. Kununua wino kana kwamba sikusikia kitu kungekuwa ukatili, na kuondoka bila wino kungekuwa ujinga, kwa maana nilikuwa na safu ya gazeti ya kuandika. Mwishowe nilisema "Aa," nikalipa, nikatoka. Usiku ule niliona kwamba nimefanya vibaya, na kesho yake nikarudi dukani kumpa pole. Akaniuliza pole ya nini.

Wanaoisoma safu hii kila wiki wanajua nilivyo mtu wa kuwaza, kwa hiyo nieleze upesi marehemu alikuwa nani kabla sijaanza. Alikuwa mtaalamu wa malambo, mrefu, mwekundu wa shingo, aliyekuja wilaya ya Maswa kuchimba mabwawa ya kunyweshea ng'ombe upande huu wa Bariadi. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni Kampala na shahada yangu mpya, nikaajiriwa kuwa mkalimani wake: yeye Kiingereza, wenyeji Kisukuma, mimi katikati natoka jasho. Alikuwa Mmormoni. Wengi wenu hamjakutana na dini hiyo, nami nilikuwa sijakutana nayo. Ilianzia Amerika, kwa nabii wao aliyesema aliona maono msituni akiwa kijana. Wafuasi wake walifukuzwa mji hata mji, nabii akauawa gerezani, na waliobaki wakavuka nchi kavu kwa magari ya kukokotwa na maksai mpaka kwenye bonde lenye ziwa la chumvi, wakafanya makao huko. Hawanywi pombe, hawavuti tumbaku, na hawanywi chai wala kahawa. Hili la chai lilinisumbua kuliko maono. Kila nyumba tuliyoingia tuliletewa chai, naye kila mara alitabasamu na kusema hapana, na mimi ndiye niliyebaki na kazi ya kuigeuza hapana hiyo iwe kitu ambacho mwenye nyumba angeweza kukimeza. Mara nyingi niliinywa mimi, vikombe vyote viwili, ili pasiwe na ugomvi kati ya mataifa.

Ninalotaka kusimulia lilitokea mwisho wa kiangazi, tukijenga lambo katika kijiji kimoja mbele kidogo ya Somanda. Tuta lilikuwa limejengwa pande zote mbili za korongo, ila katikati palikuwa wazi bado. Tingatinga lilikuwa limeharibika mara mbili, na upande mmoja wa tuta ulikuwa umepata ufa. Mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya upande wa ziwani. Kila mtu kijijini alijua maana yake: mvua ikikuta pengo lile bado wazi, maji yatapita hapo na kuondoka na tuta zima, na tingatinga lilikuwa limeahidiwa watu wengine msimu uliofuata. Bila lambo, ng'ombe wangerudia mwendo wao wa kila kiangazi hadi mto Simiyu, kunywa katika mashimo yaliyofukuliwa mchangani, na ndama wangeendelea kufia njiani. Wanawake nao wangefuata njia hiyo hiyo na vibuyu vyao kichwani.

Tulikuwa tunangoja chuma cha tingatinga kutoka Mwanza, na watu wakiwa wamepumzika chini ya paa la banda la kupimia pamba, yule Mmarekani alipotoa picha zake. Alikuwa ametuona tumekaa kimya akadhani tumechoka naye. Zilikuwa picha za safari aliyoifanya alipomaliza masomo, akiwa na umri kama wangu. Alichukua gari kuukuu akazunguka Amerika peke yake, akitembelea mahali patakatifu pa dini yake, mahali baada ya mahali: ule msitu wa maono, kilima ambako nabii alichimbua maandiko ya dhahabu, gereza alimouawa, mji wa kando ya mto mkubwa ambako wafuasi wake walifukuzwa wakati wa baridi, na mwisho bonde la chumvi. Picha zilipita mkono kwa mkono. Watu walizitazama kwa adabu, kisha wakazigeuza kuona kama nyuma kuna kitu zaidi.

"Huu ni msitu," mwanangwa alisema. Mwanangwa ndiye mkuu wa kijiji, mtu mnene, mpole, asiyependa haraka. "Ng'ombe wako wapi?"

Nikatafsiri. Mmarekani akasema hakuna ng'ombe pale.

"Na watu?"

"Hapakuwa na watu. Nilikuwa peke yangu."

"Kama alikuwa peke yake," alidakia kiongozi wa vijana wa kazi, "hii anamoonekana mwenyewe, nani aliyempiga?" Huyu kiongozi Wasukuma humwita nsumba ntale, naye ndiye anayesema leo majembe yanainuka au hayainuki. Alikuwa na ulimi mwepesi na kofia ya kijeshi aliyorudi nayo kutoka vitani Burma. Nilieleza kwamba kuna kamera zinazoweza kuwekwa juu ya bati la gari zikajipiga zenyewe. Nilieleza vibaya. Niliona katika macho yao kwamba sasa tulikuwa na gari linalopiga picha.

"Sawa," nsumba ntale alisema. "Ndugu zake walikataa kufuatana naye?"

"Sikuwaomba," Mmarekani alijibu.

"Na wale wazee waliozikwa huko, wenyeji wa mahali hapo, uliwapelekea nini?"

Mmarekani alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wa namna hiyo humpa mkalimani vidonda vya tumbo. "Sikupeleka kitu," alisema. "Nilifika, nikasimama, nikawaza kidogo. Kisha nikaingia garini nikaenda mahali pa pili."

Nsumba ntale alivua kofia yake, akaikung'uta vumbi. "Kwa hiyo," alisema polepole, "ulikwenda kwa wazee wako mikono mitupu, ukasimama mlangoni, hukusema neno, ukaondoka. Halafu ukafanya hivyo hivyo kwa kila mzee, nchi nzima." Mimi nilitafuta namna ya kulilainisha hilo kwa Kiingereza, nikakosa, nikalisema lilivyo. Mmarekani aliitikia kwa kichwa. Akasema ndiyo, kwa kifupi ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake hakuna jembe lililoinuka. Chuma kilikuwa kimefika, tingatinga linanguruma, na korongoni hapakuwa na mtu. Nilimkuta nsumba ntale nyumbani kwake anasuka kamba. "Mwangaluka," nikamwamkia, naye akaniitikia vizuri kabisa, akanikaribisha kiti. "Sisi hatugombani naye, karani," aliniambia, kwa jina walilonipa wote. "Ni mtu mwema. Lakini ana wazee wanaomfuata. Aliwapigia hodi akakimbia. Unafikiri kwa nini tuta limepasuka? Kwa nini tingatinga limevunjika mara mbili?" Nikamwambia, kwa upole wa msomi, kwamba wazee wa Amerika wako mbali sana na hapa. "Tingatinga limetoka wapi?" aliniuliza. Nikasema Amerika. "Basi wanalijua," alisema, akaendelea na kamba yake. "Amalize safari yake, sisi tutamaliza tuta."

Nilirudi kambini. Ningemwambiaje? Nikisema watu wanaumwa, angetaka kuwapelekea dawa. Nikisema wanataka mapumziko, angewadhani wavivu, na hiyo ingekuwa dhuluma. Nikisema kweli, kwamba watu wanadai hija yake ilikuwa ya mtu asiye na adabu, ningeitukana dini yake. Na nikikaa kimya mvua ingekuja, tuta lingekwenda, na mimi niliyekuwa bado sijathibitishwa kazini ningekwenda nalo. Nilitunga maneno ya kuanzia, nikayafuta, nikatunga mengine. Nilizunguka hema la Mmarekani mpaka mpishi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilipojikaza hatimaye na kuingia, nilimkuta mwanangwa yumo ndani tangu zamani. Alikuwa amekuja mwenyewe na Kiswahili chake chepesi, na Mmarekani na Kiswahili chake cha jikoni, na wote wawili walikuwa wamechuchumaa wakichora sakafuni kwa vijiti.

"Karani, njoo," mwanangwa aliniita. "Tunatafuta mto."

Mambo yalikuwa hivi. Mwanangwa alikuwa amemweleza kwamba si lazima arudi Amerika; mahali panaweza kusimama badala ya mahali pengine, ili mradi nia iwe ile ile, mwenye safari awe yule yule, na wazee wamwagiwe pombe yao kila mahali. Nami, nikijua wamisionari wangesema nini juu ya jambo hilo, nilianza kumwombea mwanangwa radhi kwa Kiingereza. Mmarekani alinitazama kwa mshangao. "Kwetu," aliniambia, "walio hai hubatizwa kwa niaba ya wafu wao. Mimi mwenyewe nimebatizwa kwa ajili ya watu waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa. Kilima kimoja kusimama badala ya kingine ni jambo dogo sana. Kuna tatizo moja tu, na hilo ni pombe."

Kikao cha pombe kilifanyika mchana huo huo, bandani. Nsumba ntale alikuwa na hoja yake tayari. "Hatusemi anywe yeye," alisema. "Atamwaga tu. Wanywe wao."

Nikatafsiri. Mmarekani akatikisa kichwa kwa huzuni. "Wao pia hawanywi."

Watu walitazamana. "Wafu wake hawanywi pombe?"

"Walikatazwa walipokuwa hai."

"Basi chai," mwanangwa alisema, akijaribu kusaidia.

"Chai pia hapana."

"Kahawa, kama Waarabu?"

"Hapana."

"Tumbaku kidogo, hata ya kunusa?"

"Hapana."

Mwanangwa alishusha pumzi. "Basi si ajabu wana hasira," alisema.

Wakakubaliana juu ya maziwa na unga wa mtama. Lilikuwa jambo la haki, lakini halikuwa dogo, maana mwisho wa kiangazi ng'ombe hutoa maziwa ya kulowesha kidole tu. Kila nyumba ilitoa kidogo. Mahali napo paligawanywa: kichaka cha miiba nyuma ya kijiji kikawa ule msitu wa maono, kilima cha mawe tunachokiona kutoka barabarani kikawa kilima cha maandiko, ghala la pamba lililofungwa likawa gereza, mto Simiyu ukawa ule mto mkubwa wa Amerika, ingawa siku zile ulikuwa mchanga mtupu, na mbuga ambako ng'ombe hupelekwa kulamba chumvi ikawa bonde. Kila mahali angengojwa na mtu mwenye kibuyu. Nsumba ntale aliweka sharti moja: "Alianza peke yake, amalize peke yake." Maana yake ni kwamba hata mkalimani asiwemo garini. Usiku sikulala kwa kuwaza yatakayosemwa bila mimi.

Asubuhi aliondoka kwa Landrova yake, kofia kichwani, amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe. Sisi tulikaa kwenye tuta, tukamwona anasimama kwenye kichaka, anashuka, anaingia. Tulingoja. Jua lilipanda. Landrova ilikuwa pale pale. Nilianza kuwaza nyoka. Nikawaza nyigu, kisha moyo wake, kisha nikawaza nitakavyouandikia ubalozi. Mwisho nilivunja sharti, nikakimbia. Ndani ya kichaka nilimkuta amepiga magoti, kofia mkononi, anasema kwa sauti ya taratibu kama mtu anayesoma. Mbele yake alikaa bibi mmoja, mama yake mwanangwa, amenyoosha miguu, kibuyu kimepinduliwa juu ya majani. Bibi aliponiona alinyoosha mkono.

"Ng'wanawane, mwanangu, nisaidie. Nilimuuliza jina la babu yake tu. Amenipa kijiji kizima."

Kumbe katika dini yao kuwajua wafu ni ibada yenyewe. Mtu hutafuta majina ya wazee wake mpaka mahali ambapo kumbukumbu zinakwisha, na yeye alikuwa ameyahifadhi moyoni, waume kwa wake, pamoja na waliokufa wachanga. Bibi alikuwa amemmwagia kila mmoja sehemu yake, kwa sababu huwezi kumwita mzee kwa jina kisha usimpe kitu, na maziwa yalikuwa yamekwisha wakati majina hayajavuka bahari kurudi Uingereza, walikotoka wazee wake wa kale. "Ana wafu wengi kuliko ng'ombe wa mtemi," bibi alisema, na sauti yake haikuwa ya lawama tena. "Usisimame hapo kama mgeni. Nenda kalete mengine. Mwingine aliyemtaja alikufa kwa njaa njiani, huyo hatuwezi kumruka."

Hivyo ndivyo mhitimu wa chuo alivyoonekana asubuhi ile akikimbia kwenye mashamba ya pamba na viatu vya ngozi na kibuyu kwapani, nyumba hata nyumba, akiomba maziwa kwa ajili ya Waingereza waliokufa. Hakuna nyumba iliyoninyima. Habari ilikuwa imenitangulia kwamba yule mtu anawajua wazee wake wote, na sauti zilikuwa zimebadilika. Mama mmoja alikamua mbuzi mbele yangu. "Mtu kama huyo," aliniambia, "mlikuwa mnamficha wa nini?"

Baada ya kichaka mengine yalikwenda upesi, kwa kuwa wote walikwisha kutajwa na sasa walisalimiwa kwa pamoja. Taabu ilikuja mtoni. Landrova ilizama mchangani mpaka mhimili, ikakataa kwenda mbele wala nyuma, na sisi tuliokuwa tumefuata kwa mbali tukasimama ukingoni tukibishana. Vijana walitaka kushuka kusukuma. Wengine walisema wakigusa gari, safari si ya mtu mmoja tena, na kazi yote imeharibika. Nsumba ntale alikunja mikono. "Karani, muulize," alisema. "Siku zile kule kwao, gari lilikwama?" Nikapaza sauti nikauliza. Mmarekani akajibu akiwa amelala chini ya gari: ndiyo, lilikwama kwenye tope karibu na ule mto mkubwa. "Akatokaje?" Wakulima walikuja wakamsukuma. Nsumba ntale alikuwa amekwisha kuvua viatu. "Basi sisi ni wale wakulima," alisema, na vijana wote wakashuka mchangani. Gari lilipotoka hawakurudi ukingoni. Walimfuata mpaka mbuga ya chumvi wakiimba nyimbo zao za kulima, naye aliendesha polepole ili wasiachwe.

Kesho yake majembe yaliinuka kabla jua halijatoka. Walishindilia udongo kwa miguu wakicheza, kama wafanyavyo wanapolima shamba la mwenzao, na tingatinga halikuharibika tena. Nami sisemi ni kwa sababu gani, maana chuma kilikuwa kipya. Pengo lilizibwa. Mvua ya kwanza ilipokuja ilikuja kwa nguvu, ikashuka korongoni na maji mekundu na matawi, na sisi sote tukasimama juu ya tuta tumelowa, tukilitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Lilishika. Maji yalipanda, yakatulia. Mmarekani alikuwa pembeni yangu, na hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema katika ile safari yake ya kwanza alikuwa na shaka, alikuwa akitafuta kuambiwa kitu, na kila alipofika hakuambiwa. Alitazama saa yake, akapiga picha, akaendelea. Alifika nyumbani na shaka ile ile, na hakumwambia mtu. "Kule," aliniambia, "hakuna aliyeniuliza jina la mtu yeyote."

Juzi nilikwenda kijijini kupeleka habari ya kifo. Nilijiandalia maneno njia nzima, na sikuyatumia. Mwanangwa aliniuliza jina lake kamili, lile alilopewa na baba yake, kwa sababu wao walimwita Bwana Lambo tu, na jina hilo halifai kwa kazi waliyotaka kuifanya. Tulilirudia mpaka likakaa vizuri mdomoni mwa bibi. Katika safu hii siandiki majina ya watu, lakini kule jina lake sasa litatajwa kila wanapowataja wazee wa kwao. "Mpelekee mkewe salamu," bibi alisema. "Mwambie hapa mumewe hatutampa pombe."

Siku hizi vijana wetu waliosoma wanasafiri peke yao kwenda Mwanza, Dar es Salaam, Kampala, wanarudi na picha, na wa kwetu wanazitazama kwa adabu na kuzirudisha. Sisi tuliowekwa katikati ya watu wa lugha mbili tunapenda kuamini kwamba bila uangalifu wetu watu watavunjana kama vyombo. Ndiyo maana tunapunguza huku, tunalainisha kule, na mengine tunayameza sisi wenyewe. Nilichokiona mimi ni mtu aliyeulizwa swali lisilo na adabu mbele ya kijiji kizima, akajibu kweli bila kupunguza, na kwa sababu hiyo ng'ombe wanakunywa maji karibu na nyumbani. Mwenzako akikusimulia alikokwenda, usimhurumie kwa ukimya wako. Muulize alikwenda kwa nani, na alimpelekea nini. Huenda amengoja miaka mingi kuulizwa.